Chensoo ya umeme: Ajali hii ina kinga yake

KILA mwaka, kuanzia Septemba hadi Novemba, Dodoma huwa na kazi inayofanana karibu kila uani. Mvua za Desemba zinakaribia, na kabla hazijafika watu hupunguza matawi ya mwarobaini yaliyolalia bati, huondoa mgunga uliokauka nyuma ya nyumba, na hukatakata magogo ya kuni ili yapangwe mahali pakavu. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya panga, shoka na msumeno wa mkono. Siku hizi, kuanzia Nkuhungu hadi Nzuguni, na hata vijijini Chamwino na Bahi ambako nyaya za REA zimefika, chensoo ya umeme nayo imeingia kwenye kazi hiyo.

Ni msumeno wa mnyororo uleule ambao wengi walizoea kuuona mikononi mwa wapasua mbao, ila huu hautumii petroli. Unachomekwa kwenye soketi, au unatumia betri ya kuchaji. Ni mwepesi, hautoi moshi, hauna kamba ya kuvuta mpaka bega liume. Ndiyo maana umetoka msituni ukaingia nyumbani, na familia nyingi hazijajiuliza zimeingiza nini.

Chensoo ya petroli hujitangaza yenyewe. Ikiwashwa, nyumba tatu zinajua, watoto wanakimbia, kuku wanatawanyika. Ya umeme hukaa kimya mpaka kidole kiguse swichi. Kwa sababu ya ukimya huo, huwekwa kundi moja na pasi na blenda, ikalazwa chini ya kitanda au juu ya kabati. Lakini mnyororo ni mnyororo. Katika chensoo ya kawaida ya umeme, mnyororo hukimbia zaidi ya mita 10 kwa sekunde moja. Maana yake ni kwamba katika sekunde hiyo moja, meno yasiyopungua 200 hupita mahali pamoja. Kisu hukata, lakini mnyororo huchimba na kuondoka na nyama.

Mtu akiumia, majirani hukusanyika na kusema maneno yaleyale: "Ajali haina kinga." Ni maneno ya kufariji, na yana nafasi yake msibani. Kwa chensoo si kweli. Njia zinazoleta ajali zake zinajulikana, zinahesabika, na karibu zote hufungwa kabla plagi haijaingia kwenye soketi.

Chomoa kwanza

Sheria ya kwanza ya nyumba yenye chensoo ni maneno mawili: chomoa kwanza. Mnyororo umelegea? Chomoa kwanza. Kipande cha gome kimekwama? Chomoa kwanza. Umeitwa kula? Chomoa kwanza. Kwa chensoo ya betri, toa betri uiweke mfukoni au mbali. Hakuna kurekebisha, kusafisha, kunoa wala kubeba kutoka mti mmoja hadi mwingine huku umeme upo.

Sheria hii ina uzito zaidi kwetu kwa sababu ya umeme unaokatika. Kazi inaendelea, mara umeme unaondoka au LUKU inaisha. Mkataji anaacha msumeno umebanwa kwenye gogo, anakwenda kutafuta maji. Nusu saa baadaye umeme umerudi, hakuna aliyeona, na mtoto amesimama anauchezea. Umeme ukikatika, mkono uende kwenye plagi kabla ya kwenda popote.

Chensoo nyingi za kisasa zina kitufe cha usalama ambacho lazima kibonyezwe pamoja na swichi ndipo mnyororo uzunguke. Wapo wanaokifunga kwa mpira au utepe ili kidole kisichoke. Anayefanya hivyo ameondoa mlinzi mlangoni. Msumeno wa namna hiyo usipokelewe hata kwa kuazimwa.

Waya nao una sheria zake

Umeme wa TANESCO wa nyumbani ni volti 230. Chensoo ya wati 2,000 huvuta karibu ampia 9. Mzigo huo haubebwi na ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Waya mwembamba ukiwa mrefu hupata joto, umeme unaofika kwenye mota hupungua, msumeno unakosa nguvu, mkataji anaukandamiza, na hapo ajali inaanza kujongea. Kwa umbali wa uani tumia waya wa milimita za mraba 1.5, ukizidi mita 30, tumia wa 2.5. Ukiwa umezungushwa kwenye roli, ufungue wote kabla ya kuanza, kwa sababu waya uliojikunja hupika joto katikati.

Muhimu zaidi ni kuangalia ubao wa umeme wa nyumba. Nyumba inapaswa kuwa na swichi inayojizima yenyewe umeme unapovuja, ile yenye kitufe kidogo chenye herufi T. Ya kumlinda mtu huhisi uvujaji wa miliampia 30. Bonyeza kitufe hicho kabla ya kazi. Swichi ikigoma kuanguka, mwite fundi umeme, na kazi isubiri. Nyumba nyingi za zamani hazina kifaa hiki kabisa. Mwenye nyumba kama hiyo afadhali atumie chensoo ya betri au msumeno wa mkono.

Waya ukae nyuma ya mkataji siku zote, ukipita begani upande wa kulia, usiburuzwe mbele ya mnyororo. Kiungo cha plagi na ekstensheni kisilale kwenye majani yenye maji. Manyunyu yakianza, kazi imekwisha kwa siku hiyo. Na mtu asishike chensoo akiwa pekupeku au na ndala, hata kwa tawi moja.

Mavazi na mnyororo

Miwani ya kuziba macho ndiyo ya kwanza, kwa sababu vumbi la Dodoma na vipande vya gome huruka pamoja. Mabuti magumu, glovu, suruali nzito isiyopwaya, kofia ngumu ikiwa kuna tawi juu ya kichwa, na vizibo vya masikio kwa anayekata muda mrefu. Khanga, shuka, shali, kamba ya kitambulisho shingoni na mikono ya shati iliyopwaya vyote vibaki ndani. Zipo suruali maalumu zenye nyuzi ndefu ndani yake; mnyororo ukigusa, nyuzi huchomoka na kuukwamisha. Zinasaidia, lakini mota ya umeme huendelea kusukuma hata inapobanwa, kwa hiyo hazimpi mtu ruhusa ya kuzembea.

Baada ya mavazi, uangaliwe mnyororo wenyewe, plagi ikiwa nje na glovu zikiwa mkononi. Uvute chini kidogo kutoka kwenye ule ulimi wa chuma unaoubeba: usitoke kwenye mfereji wake, na bado uweze kuuzungusha kwa mkono. Ukilegea unaweza kuruka. Ukikaza sana unaunguza mota. Jaza oili ya mnyororo. Wengi hudhani ya umeme haihitaji oili kwa kuwa haina injini. Inahitaji, na oili chafu iliyotolewa kwenye gari haifai. Kujua kama oili inafika, elekeza ncha ya ulimi kwenye boksi kuukuu bila kuligusa, kisha uwashe: mstari mwembamba wa oili utaonekana.

Makali hujulikana kwa kuangalia kinachodondoka. Mnyororo mkali hutoa vipande. Butu hutoa unga. Ukiona unga na moshi, acha, noa kwa tupa ya mviringo. Katika udongo wetu wa mchanga, kugusa ardhi mara moja tu kunatosha kuharibu makali, kwa hiyo gogo linyanyuliwe juu ya vipande vingine kabla ya kukatwa. Msumeno butu ndio hatari, kwa sababu humlazimisha mtu kuusukuma.

Shukrani ya punda

Wenyeji wa uwanda huu wanamjua punda: hubeba maji na mizigo kwa utulivu, kisha siku moja hurusha teke bila taarifa. Chensoo nayo ina teke lake. Sehemu ya juu ya ncha ya ulimi ikigusa kitu, tawi la nyuma, ukuta au gogo la pili, mnyororo hung'ata mahali hapo na msumeno wote hurushwa juu na nyuma, kuelekea uso na shingo ya aliyeushika. Hutokea kufumba na kufumbua. Hakuna mtu mwenye mkono wa haraka wa kuuwahi, hata mwenye uzoefu wa miaka 20.

Kinga yake ni mkao. Mikono miwili wakati wote, wa kushoto mbele na dole gumba likizunguka mpini, wa kulia nyuma. Mwili usimame kidogo kushoto kwa mstari wa ulimi, si nyuma yake moja kwa moja. Mnyororo uanze kuzunguka kabla ya kugusa mti. Usikate kwa ncha. Usinyanyue msumeno juu ya usawa wa bega. Ile kinga ya mbele ya mkono, kwenye chensoo nyingi, pia ni breki: ukiisukuma mbele mnyororo husimama. Ijaribiwe kila siku ya kazi. Isiposhika, msumeno uende kwa fundi. Na ukiachia swichi, subiri mnyororo usimame kabisa ndipo uushushe.

Gogo linalobana

Kukwama kwa msumeno ndani ya gogo ndiko huwatia watu hasira, na hasira huleta kuvuta kwa nguvu. Dawa ni kulisoma gogo kabla ya kukata. Gogo lililoegemea ncha zote mbili, katikati likiwa hewani, hubana upande wa juu. Kata theluthi moja kutoka juu, kisha malizia kutoka chini. Gogo lililoegemea upande mmoja huku mwingine ukining'inia hubana upande wa chini: anza theluthi kutoka chini, malizia juu. Ukikwama hata hivyo, zima, chomoa, kisha fungua mwanya kwa kabari ya mbao.

Tawi linalofikika kwa mkono, miguu ikiwa chini, hukatwa mara tatu. Kwanza mkato mfupi kutoka chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina. Wa pili kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na tawi litaanguka bila kuchuna gome la shina. Wa tatu ni wa kuondoa kisiki kilichobaki, karibu na uvimbe wa shina bila kuugusa, ili mti upone. Kwa mkoa unaopata wastani wa chini ya milimita 600 za mvua kwa mwaka, mti uliokwishafikia kutoa kivuli ni mali. Kampeni ya Dodoma ya kijani iliyozinduliwa 2017 haitafika mbali kama kila anayenunua chensoo atatafuta shina la kujaribia.

Mahali pa kusema hapana

Zipo kazi tatu ambazo chensoo ya nyumbani haiendi.

Ya kwanza ni juu ya ngazi au juu ya mti. Mikono miwili inashika msumeno; nani atashika ngazi? Tawi likikatika, mti hurudi juu, ngazi hucheza, na anayeanguka anaanguka na mnyororo unaozunguka. Tawi la juu likatwe kwa msumeno wa mkono wenye mpini mrefu, au waitwe wenye vifaa na kamba.

Ya pili ni karibu na nyaya za umeme. Tawi bichi lililogusa waya linaweza kupitisha umeme hadi kwa mkataji. Hilo ni la kuripoti TANESCO, si la kumaliza kijirani. Vilevile upepo ukiwa mkali, kazi iahirishwe.

Ya tatu ni kuangusha mti mzima mjini, kati ya nyumba na uzio. Anayeangusha mti huhitaji uwazi wa mara mbili ya urefu wake na njia ya kukimbilia nyuma kwa mshazari. Viwanja vingi havina nafasi hiyo. Na mti ulio nje ya uzio, kando ya barabara, si wa mwenye nyumba hata kama aliumwagilia. Aanzie ofisi ya serikali ya mtaa, na kwa masuala ya Sheria ya Misitu ya 2002, ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS).

Kuna pia walio chini. Kila panapokatwa matawi, watoto huja kutazama, kina mama huja kuokota kuni, mbuzi hufuata majani. Wote wakae mita 10 au zaidi. Mtu asivute tawi huku msumeno unakata upande wa pili. Awekwe mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia tu, na mkataji akikubaliana naye ishara ya kusimama.

Kijana wa kibarua

Mara nyingi anayeshika chensoo si mwenye nyumba. Ni kijana aliyeitwa kutoka kijiweni, anayekubali kila kazi kwa sababu jioni lazima apeleke kitu nyumbani. Ataulizwa kama anaijua, naye atasema anaijua. Akiumia, anaumia na mama yake, mke wake na watoto wake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) huendeshwa kwa michango ya waajiri waliosajiliwa. Nyumba iliyomwita mtu kwa nusu siku kwa kawaida haimo kwenye orodha hiyo.

Kwa hiyo kinga yake iko mikononi mwa aliyemwita. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Hata pale ambapo mkaguzi wa OSHA hatafika uani, ubinadamu unatosha kuufikisha ujumbe.

"Bosi, mimi nimezoea. Hayo mabuti yatanichelewesha."

"Bila mabuti na miwani hakuna kazi leo. Hela yako ya siku iko palepale, hata tukimaliza kesho."

Jibu hilo la pili ndilo linalookoa mguu. Kijana anayelipwa kwa mti mmoja mmoja atakimbizana na jua. Anayelipwa kwa siku atakuwa na muda wa kuchomoa plagi, kunoa mnyororo na kunywa maji. Na asipewe chensoo aliyekunywa pombe, aliyekesha, au aliye peke yake uani.

Jirani anayeazima

Utu wetu ni wa kuazimana, na kukataa kuna uzito. "Shikamoo mama. Baba anaomba chensoo, tawi limeangukia uzio. Nusu saa tu naileta."

Mama mwenye busara hamnyimi, ila hampi mtoto. "Marahaba mwanangu. Mwambie baba aje mwenyewe, tutakuja na anayeitumia hapa kwetu." Hivyo ujirani umebaki na msumeno haukutembea peke yake. Nyumbani, awepo mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenye dhamana nayo. Ikimaliza kazi, ivishwe ala, iwekwe stoo yenye kufuli; betri ilale mahali tofauti na msumeno.

Damu ikitoka

Pamoja na yote hayo, familia ijue la kufanya. Zima na chomoa. Mlaze aliyeumia, kandamiza jeraha kwa khanga safi, kwa nguvu, bila kuachia ili kuchungulia. Ikilowa, ongeza nyingine juu yake. Majivu, kahawa na mafuta ya taa visikaribie. Ikiwa ni mkono au mguu na damu inaruka licha ya kukandamiza, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, kikaze kwa kuzungusha kijiti, andika saa uliyofunga, na usikilegeze mpaka hospitalini. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu, ile inayouzwa na majirani wenye friji. Kidole chenyewe kisigusane na barafu.

Mtu akinaswa na umeme, asiguswe mpaka swichi kuu imezimwa. Msaada wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa simu 114. Kwa walio mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa ziko karibu. Gari au bajaji ni bora kuliko bodaboda, kwa sababu majeruhi anatakiwa alale. Kwa walio vijijini, usafiri ujulikane kabla ya kazi kuanza: nani ana gari leo, na namba yake ni ipi. Hata jeraha dogo lifikishwe kituo cha afya kwa chanjo ya pepopunda.

Familia inayotaka kukata matawi Jumamosi hii ikae Ijumaa jioni dakika 10 na kujiuliza: nani atakata, nani ataangalia, watoto watakuwa wapi, mabuti na miwani viko wapi, na gari la nani litaitwa. Swali moja likikosa jibu, tawi lisubiri. Limekaa juu ya bati tangu mwaka jana; haliwezi kushindwa kukaa wiki moja zaidi.